Bure si Ruhusa

Vijana wanaokuja kwenye banda langu la gemu, jirani na stendi ya Mhunze, Kishapu, hawaulizi Barcelona. Wanauliza Simba na Yanga. Na wanazikuta humo, ndani ya PES ya zamani, gemu ya mpira wa miguu, kwa sababu shabiki fulani alikaa na kompyuta yake usiku na mchana akabadilisha jezi, majina na viwanja, kisha akaigawa bure. Bila watu wa namna hii banda langu lisingekuwa na mvuto.

Mpwa wangu naye ameingia kwenye kazi hiyo. Nilipomuuliza kama ana ruhusa, akanijibu, “Shangazi, mimi siuzi, natoa bure. Nani atanishtaki?” Wapo waliofikiri hivyohivyo, na imewagharimu miaka ya maisha yao.

Milton Guasti wa Argentina ni mmoja wao. Kwa karibu miaka 10 aliisuka upya Metroid II, gemu ya mwaka 1991 ya Nintendo, kampuni ya Kijapani, iliyochezwa kwenye kioo kidogo kisicho na rangi. Akaitia rangi, muziki mpya na ramani. Aliiachia tarehe 6 Agosti 2016, siku Metroid ya kwanza ilipotimiza miaka 30, bila kudai senti. Haikumaliza hata siku chache, faili zikaanza kuondolewa kwenye tovuti kwa madai ya Nintendo. Mwezi huohuo Pokémon Uranium, kazi ya mashabiki ya miaka 9 iliyokwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 1, nayo ikaondolewa mtandaoni na watengenezaji wake baada ya barua za wanasheria wa Nintendo.

Namna inavyofanyika ni rahisi mno. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998, mwenye haki haanzii mahakamani. Anaiandikia tovuti inayohifadhi faili: hii mali yangu, iondoe. Tovuti ikiondoa upesi inajinusuru. Mtengenezaji anaweza kupinga, lakini akipinga ajiandae kwa kesi, na kijana anayefanyia kazi chumbani kwake atamlipa wakili kwa fedha gani?

Huku kwetu tusijidanganye kwamba tuko mbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ndiyo iliyoizaa COSOTA, taasisi inayosimamia haki hizo, inalinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na nyimbo. Kuinakili kazi au kuigeuza ni haki ya mwenyewe, uuze usiuze. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kazi ya Mjapani inalindwa Kishapu kama inavyolindwa ya Msukuma.

Kwa hiyo Nintendo ilikuwa na haki, nalisema bila kusita. Septemba 2017 ilitoa toleo lake jipya la Metroid II, na hapo haraka yake inaeleweka. Kinachoniuma ni kwamba vipande vya majaribio vya Guasti vilikuwa hadharani miaka kadhaa kabla. Barua moja mapema ingetosha. Kumwacha mtu ajenge hadi aezeke ndipo umwambie kiwanja si chake, huo ni ukatili hata kama hati unayo. Namshukuru Mungu kipaji cha Guasti hakikupotea: studio ya Moon ilimwajiri, akashiriki kutengeneza gemu ya Ori and the Will of the Wisps ya mwaka 2020.

Njia nyingine ipo. Kampuni ya gemu ya Sega, iliyozuia Streets of Rage Remake ya mashabiki mwaka 2011 baada ya miaka 8 ya kazi, ndiyo hiyohiyo iliyomruhusu shabiki wa Australia, Christian Whitehead, na wenzake watengeneze Sonic Mania. Ilitoka 2017 na wachezaji wakaipenda sana.

Mpwa wangu sasa anachora mabasi kwenye gemu ya Bus Simulator Indonesia. Kampuni ya Maleo, inayoitengeneza, imeacha mlango wazi: mchezaji anaingiza rangi zake na hata umbo la gari lake. Nilimkumbusha kwamba jina na nembo ubavuni mwa basi navyo vina mwenyewe. Akaenda kumwona mwenye basi linalokwenda Shinyanga mjini, akiwa na picha kwenye simu. Mzee aliitazama sana, akamwambia, “Weka tu, kijana wangu. Na namba ya simu ya kukatia tiketi usiisahau.”