Chawa kichwani mwa mtoto si laana

Katika Kutoka sura ya 8 tunasoma kwamba chawa walikuwa pigo juu ya Misri. Kwa hiyo wako wazazi wanaofikiri kwamba mtoto mwenye chawa ameadhibiwa, ama nyumba yake ni chafu. Mtoto anachekwa masomoni, na hata kanisani anakalishwa peke yake. Tusifanye hivyo.

Chawa wa kichwa hana mabawa, wala haruki kama kiroboto. Anatembea tu, kutoka kichwa hadi kichwa, watoto wakiegemeana kwenye benchi ama wakilala kitanda kimoja. Anatafuta damu, na damu iko katika kichwa safi sawasawa na kichwa kichafu. Akitoka kichwani hufa kwa siku 1 ama 2.

Mayai yake yananata kwenye nywele, karibu na ngozi, na huanguliwa kwa siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kuchana mara moja hakutoshi.

Tufanye nini? Tufumue misuko. Tuloweshe nywele, tupake mafuta ya kupikia, kisha tuchane kwa kichanuo chenye meno yaliyobanana, kuanzia kwenye ngozi hadi ncha, tukikipangusa kwa kitambaa cheupe. Turudie kila siku ya 3, kwa majuma 2. Tuangalie vichwa vyote vya nyumba, cha mama pia. Mashuka na vitambaa vya kichwa tuvifue kwa maji ya moto na kuvianika juani.

Kunyoa nako kunasaidia. Lakini kila mtoto awe na wembe wake mpya, kwa sababu magonjwa ya damu, kama SIDA, yanaweza kupita katika wembe mmoja.

Tunawasihi wazazi: msimwagie mtoto petroli ya taa wala dawa ya wadudu wa shamba. Vinaunguza ngozi, vina sumu, na petroli karibu na mbabula inaweza kumwasha mtoto moto. Akiwa na vidonda vyenye usaha kwa kujikuna, apelekwe kituo cha afya.

Tumwombee mtoto, na mikono yetu ishike kichanuo. Nanyi walimu wa watoto, mkiona chawa, mwambieni mzazi pembeni, si mbele ya wengine.