Dawa ya Kumlaza Mtoto Njiani

Kila mwaka shule zinapofungwa na vakansi kubwa inapoingia, hunijia hapa Butembo wazazi waungwana, wenye elimu yao na biashara zao, walioazimia kuwavusha watoto mpaka wa Kasindi na kuwafikisha Kampala, wakazione bembea na mitambo ya kuzunguka katika bustani ya michezo ya Kansanga, na wakamwone simba na sokwe kule Entebbe. Na kwa kuwa si vyema kuwachukua wakubwa na kumwacha mdogo, naye huwapo mgongoni mwa mama, mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye juzi tu alikuwa akisimama dede. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, baba hutazama dirishani, na mama ndiye aulizaye: “Dokta, tumpe dawa gani huyu alale njiani?” Swali hili nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa ukali, nimelijibu ndani ya chumba cha matibabu na kwenye mlango wa kanisa, na kwa kuwa mwaka huu limenimalizia subira, naliandika jibu lake lisomwe na wale ambao hawatapata kuniuliza.

Jibu ni kwamba hakuna. Hakuna dawa ambayo tabibu mwaminifu atampa mtoto mwenye siha njema wa umri huo kwa sababu tu safari ni ndefu na kilio chake kitawaudhi abiria.

Najua vizuri ni dawa ipi waulizayo, maana wengine huja nayo mfukoni. Ni siro ya prometazini, ambayo wengi waijua kwa jina la Phenergan, au ile ya klorfeniramini, au siro yoyote ya kikohozi ambayo jirani aliona inamsinzisha mwanawe. Na kwa kuwa huuzwa katika kila famasia bila kuulizwa cheti, wazazi huidhania kuwa ni kitu chepesi, jamaa ya asali na maji ya limau. Dawa hizi ziliundwa kwa ajili ya kutuliza muwasho, vipele na mafua ya mzio, na ule usingizi ni madhara yake, nao wazazi wameyageuza madhara kuwa makusudi ya dawa.

Usingizi utokao katika siro si ule usingizi alalao mtoto aliyeshiba na kuchoka. Mtoto aliyelala kwa hiari ya mwili wake, kichwa kikimwangukia kifuani na pumzi ikaanza kumpungukia, ubongo humgutusha, akageuza shingo, akalia, akapumua. Bali huyu aliyelazwa kwa dawa, ile sehemu ya ubongo ilindayo pumzi nayo imelazwa pamoja naye, koo limelegea, ulimi umerudi nyuma, na njia yake ya hewa, ambayo upana wake ni kama kidole chake cha mwisho, hujikunja bila kuwapo wa kuinyosha. Akitapika, matapishi huweza kushuka mapafuni asikohoe. Na haya hutokea mgongoni, ndani ya kitenge, mahali ambapo mama hauoni uso wa mwanawe. Akihisi mzigo umetulia, humshukuru Mungu kwamba dawa imefanya kazi.

Mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru prometazini iandikwe onyo lao kali kuliko yote, kwamba isipewe kabisa mtoto asiyetimiza miaka 2, kwa kuwa walikuwa wamepokea habari za watoto waliokufa kwa kukatika pumzi. Nawaomba wasomaji wazingatie jambo moja katika onyo lile, kwa sababu ndilo liyabomoayo maneno ninayojibiwa kila mara nikikataa: yaani, “Basi, Dokta, tumpe nusu kijiko.” Katika watoto wale waliopungukiwa pumzi, vipimo vya dawa vilikuwa mbalimbali, vikubwa na vidogo, hata vilipokadiriwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo chini ya miaka 2 hakuna nusu iliyo salama wala robo iliyo salama, na anayekuambia ipo amejipimia mwenyewe kwa macho. Na hicho kijiko ni kipi? Kijiko cha chai huchukua mililita 5, na kile cha supu huchukua 15, mara tatu yake, na katika jikoni nyingi nilizokaribishwa vyote viwili huitwa kijiko na hukaa katika kikombe kimoja.

Fauka ya hayo, hata hiyo kazi ya kulaza haiwi kazi ya kutegemewa. Wako watoto ambao dawa hizi huwapandisha badala ya kuwashusha, wakapiga kelele na kujitupa huku na huku kwa saa kadhaa, na mama aliyekuwa akikihofu kilio cha kawaida akakipata kisicho cha kawaida. Mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya majaribio ya difenihidramini, ndugu wa dawa hizi, kwa watoto 44 wa miezi 6 hadi 15 ambao wazazi wao walilalamika kwamba hawalali usiku: nusu walipewa dawa, nusu walipewa maji yaliyofanana nayo, na majaribio yakasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu dawa haikuonekana kuyashinda yale maji. Nimewasomea wazazi habari hii, wakatikisa kichwa kwa adabu, kisha wakaniuliza kama kwetu haziuzwi zilizo kali zaidi.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima usingizi mimi. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu mtoto wa miezi 20, aliyekuwa ameondoka Butembo kabla ya alfajiri pamoja na jamaa zake kwenda Uganda. Walipofika Beni wakajaribu kumwamsha ale, asiamke, wakageuza gari. Alikuwa moto kidogo, amelegea viungo, pumzi fupi, akifumbua macho na kuyafumba tena. Katika nchi yetu tabibu aonaye mtoto wa namna hiyo hana wasaa wa kustaajabu: aweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na vyote viwili huua kabla ya magharibi. Nikamchoma kidole kupima malaria, nikamwekea sindano ya mshipa, nikamtoboa mgongo kuchukua maji yake, mtoto mzima wa afya, huku mama akiangalia, na mara tatu niliuliza, “Amepewa nini?”, na mara tatu nikajibiwa, “Hakupewa kitu.” Ilipofika alasiri ndipo koko yake alipofungua pindo la kitenge akaitoa chupa, akaiweka mezani bila kusema neno. Vijiko viwili. Tulikaa naye tukihesabu pumzi mpaka jioni, alipoomba maji. Kupona alipona, lakini ile sindano ya mgongo hakuistahili, na laiti ningeambiwa asubuhi nisingemchoma.

Ndiyo sababu nasema kwamba kwetu sisi dawa hii ina ubaya wa pili, ambao maonyo ya Marekani hayakuutaja. Kusinzia kupita kiasi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na degedege, ndizo dalili nne za hatari ambazo kila muuguzi wa kituo cha afya hufundishwa kuzitafuta kwa mtoto mgonjwa, na mzazi aliyempa mwanawe siro ameitengeneza moja kwa mikono yake na kuificha nyingine. Tangu Ebola ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, ambayo Butembo na Beni hatuhitaji kukumbushwa, sote twajua maana ya mtu kusimamishwa njiani, akanawa mikono, akapimwa joto na kutazamwa usoni. Wale watazamaji wautazame uso gani, ikiwa mtoto amelala kama gogo na mama ameapa kwamba hakumpa kitu?

Siwalaumu akina mama, na jambo hili nalisema kwa moyo wote. Mama mmoja aliyetoka upande wa Oicha aliniambia kwamba siro aliijua mara ya kwanza usiku wa kukimbia, walipokuwa wamejificha shambani, watu kumi na wawili, na kilio cha kitoto kimoja kingewaua wote. Sina neno la kumjibu mama yule kuhusu usiku ule, wala sitalitafuta. Bali safari ya kwenda kutazama bembea si usiku ule, na desturi iliyozaliwa na hofu haifai kuhamishiwa kwenye furaha. Ama wale wanaomlambisha mtoto kasiksi, wakisema kwamba ni maji ya ndizi tu, wajue kwamba pombe kidogo yaweza kuishusha sukari ya damu ya mtoto mdogo hata akazimia. Hapo sina rehema. Na wale wanaodai kwamba siro ni ya kuzuia kutapika garini, waelewe kwamba kichefuchefu cha safari ni nadra kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Huwasumbua zaidi wa miaka 2 hadi 12, yaani kaka zake, nao hutibiwa kwa dirisha wazi, tumbo lisilojazwa, na macho yatazamayo mbele.

Lililobaki ni mambo ya kufanya, nami nitayapitia upesi, maana hayana ugumu. Kwanza habari za barabara ya Beni hadi Kasindi, ambayo imekwisha kumwaga damu ya wasafiri: ulizeni siku ile ile, na ikiwa si shwari, bakini nyumbani, wala msimwulize tabibu. Ikiwa ni shwari, ikateni safari, kwani toka Butembo hata Kampala ni zaidi ya kilomita 400: laleni Kasese, au ishieni hapo hapo, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili humfurahia tembo wa hifadhi ya Queen Elizabeth, au kiboko wa mfereji wa Kazinga, kuliko mtambo wowote wa Kampala, na mara nyingi humfurahia mbuzi wa jirani kuliko wote wawili. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 huhitaji kulala saa 11 hadi 14 katika mchana na usiku. Ondokeni karibu na wakati wake wa kulala, mmeshamlisha, naye atalala mwenyewe, na akiamka simamisheni gari kila baada ya saa mbili atembee mahali palipo mbali na barabara. Apakatwe kifuani mahali unapouona uso wake, na mwenye gari lake amnunulie kiti cha mtoto.

Mkivuka daraja la Lhubiriha kuingia Mpondwe, saa inaruka mbele kwa saa moja, na tumbo la mtoto haliruki: saa sita ya kwao ni saa tano ya kwake, mlisheni kwa saa ya Butembo. Huko magari hupita kushoto. Mtu wa Butembo akivuka barabara hutazama upande usiofaa, basi mtoto asishushwe chini kando ya barabara hata mara moja. Chanjo ya homa ya manjano hupewa tangu miezi 9, iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuvuka, na ile kadi, tangu mwaka 2016, hudumu maisha yote, kwa hiyo mwenye kuambiwa kwamba imekwisha muda wake asikubali kulipa. Mtoto awe na hati yake ya safari, na ikiwa mzazi mmoja hasafiri, ruhusa yake iwe imeandikwa. Chukueni chandarua, maji yaliyochemshwa, na pakiti za chumvichumvi za kuzuia ukavu wa mwili.

Katika bustani ya michezo ingieni asubuhi, kaeni saa mbili, tokeni kabla hajachoka. Mtoto wa miaka miwili hutimiza takriban sentimita 87, naye mitambo mingi mikubwa haimpokei. Msimwombee upendeleo kwa mlinzi. Wala msimpakate katika mtambo wa kuzunguka wenye chuma cha kufunga mapajani, kwa kuwa chuma hicho husimama kwenye mapaja ya mkubwa na kumwacha mdogo na nafasi ya kuponyoka. Andikeni nambari ya simu kwa wino mkononi mwake. Mwacheni achezee mchanga.

Kisha mrudipo nyumbani, hesabuni siku. Mtoto wa mlima wetu wa baridi amelala Beni, Kasindi na Kasese, kwenye joto ambako mbu ni wengi kuliko huku, na malaria haitokezi chini ya siku 7 tangu kuumwa. Kwa hiyo homa itakayomshika juma la pili, la tatu au la nne baada ya safari msiiite uchovu, wala msimpe siro. Mleteni apimwe siku hiyo hiyo, na mseme mlilala wapi, na alipewa nini.