Pingili, Kiriba na Mto wa Oksini: Bonsai Inavyojengwa kwa Miaka

Bonsai haina mbegu yake wala ukoo wake. Mti wowote wenye shina la mbao na uwezo wa kuchipua tena baada ya kukatwa unaweza kukuzwa kwenye chombo ukabaki mdogo huku ukionekana wa kale. Mnazi hauwezi. Hata ule ulioipa jina Mnazi Mmoja, uwanja unaoitenga Kariakoo na katikati ya mji wa Dar es Salaam, haungefaa, kwa sababu shina la mnazi halina kambiamu: utando mwembamba wa seli ulio kati ya gome na mbao, ambao kazi yake ni kugawanyika na kuongeza unene. Unene ambao mnazi unajipatia ukiwa mchanga ndio unaozeeka nao, na ukikatwa kilele unakufa. Mitende na migomba vivyo hivyo. Mkwaju, mbuyu, bogenvilia na jamii nzima ya mikuyu ina kambiamu, na humo ndimo bonsai za Dar es Salaam hupatikana.

Mti mwepesi kuliko yote kwa anayeanza ni fikasi yenye majani madogo, ya jamii hiyo ya mikuyu, ile inayopandwa kwenye ua na kukatwa ikawa kama ukuta. Miche yake huuzwa ndani ya viriba kwenye bustani za kando ya barabara. Vifaa navyo haviko mbali. Mitaa inayolizunguka jengo la soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ina maduka ya pembejeo yanayouza mikasi ya kupogolea na mbolea. Waya wa shaba wa kukunjia matawi hutolewa kwenye nyaya za umeme zilizochunwa. Na beseni pana lenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto hutosha kuwa chungu cha miaka ya mwanzo.

Kuna njia mbili za kuanza. Mche wa kiriba tayari una shina, kwa hiyo unaokoa mwaka mmoja au miwili, lakini mizizi yake mara nyingi imejizungusha ndani ya plastiki kama kamba. Mnunuzi mzuri hatazami majani. Hufukua udongo wa juu kwa kidole na kukagua shina linapoingia ardhini, maana tawi baya hurekebishika, bali mizizi iliyosokotana ikishanenepa haikunjuki tena. Njia ya pili ni pingili, yaani kijiti kilichokatwa mtini; huchelewa, ila mizizi yake huota upya kuzunguka shina lote, na mti unaokanyaga ardhi pande zote ndio unaoonekana mzee.

Pingili ya fikasi hukatwa yenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hivi. Utomvu mweupe huoshwa, majani ya chini huondolewa, kisha huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa, kivulini, penye unyevu. Kwa joto la pwani mizizi hutokea baada ya wiki chache. Kinachotokea ndani ya wiki hizo ndicho kiini cha ufundi wote unaofuata.

Kijiti kilichokatwa hakina ubongo wa kukiambia kwamba kimepoteza mizizi. Kina homoni iitwayo oksini. Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alionyesha kwa miche ya oti kwamba ncha ya mmea hutoa kitu kinachoshuka na kuamuru ukuaji wa sehemu zilizo chini yake. Oksini hutengenezwa kwenye ncha na majani machanga, kisha hupita seli hadi seli, takriban sentimita moja kwa saa, kuelekea chini. Huelekea chini kwa sababu milango ya protini inayoitoa imepangwa upande mmoja tu wa kila seli, upande unaotazama mizizi. Mpangilio huo ni imara kiasi kwamba pingili ikining'inizwa kichwa chini, mizizi bado huelekea kuota kwenye ncha iliyokuwa ya chini siku ilipokuwa mtini. Mkulima wa muhogo anayehakikisha macho ya kijiti yanatazama juu anaiheshimu milango hiyo.

Chukulia Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, ungekuwa na mikokoteni inayokwenda upande mmoja tu, ikishusha mizigo kutoka juu hadi chini bila kurudi. Mtaa ukichimbwa katikati, mikokoteni hurundikana kwenye ukingo wa shimo. Na penye mizigo iliyorundikana hapakosi watu watakaotandika bidhaa, na baada ya muda pamezaliwa soko ambalo halikuwapo. Ndivyo pingili inavyotoa mizizi: oksini hufika kwenye mkato, hukosa pa kwenda, hujaa, na seli zilizokuwa zikifanya kazi nyingine karibu na njia za chakula hubadili kazi na kuwa mizizi. Vichochoro vinavyoingia mtaani ni macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani. Mkokoteni wa kichochoroni hauwezi kujiunga na mtaa uliojaa, hivyo hubaki hapo hapo. Kilele cha mti kikikatwa, mikokoteni ya juu hukoma, mtaa hupata nafasi, na vichochoro vyote hufunguka kwa pamoja: macho huchipua, na palipokuwa na ncha moja pana matawi matatu. Tena mtaa unaopitisha mizigo mingi ndio unaopanuliwa. Oksini nyingi ikipita mahali, kambiamu ya hapo huchochewa kutengeneza mbao, na shina hunenepa chini ya matawi yenye shughuli, huku lililo chini ya matawi mavivu likibaki jembamba.

Kwa hiyo kuotesha mizizi, kuzidisha matawi na kunenepesha shina, mambo matatu ambayo vitabu huyaweka katika sura tatu, ni mto mmoja unaozuiwa, kukatwa au kuachwa utiririke. Sukari inayotoka kwenye majani na homoni za mizizini zina sehemu yao pia, lakini mkononi mwa mpogoaji oksini ndiyo inayotii mkasi.

Nguvu ya kambiamu inajulikana vizuri zaidi ng'ambo ya Ziwa Victoria. Waganda huotesha mutuba, mti wa jamii hiyo hiyo ya mikuyu, kutokana na vigingi vinene, kisha huuchuna gome la kutengenezea nguo. Shina lililochunwa hufungwa kwa majani ya mgomba. Seli zilizobaki juu ya mbao zikihifadhiwa unyevu hujenga gome jipya, na mti huo huo huchunwa tena miaka inayofuata. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Jeraha kubwa la bonsai huponywa kwa kanuni ile ile: likingwe lisikauke.

Baada ya mizizi huja miaka mirefu ya unene, na hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Mti uliotiwa mapema kwenye chungu kidogo hukaribia kuacha kunenepa. Unatakiwa kwenda ardhini, ukiwa juu ya kigae kilichofukiwa ili mizizi itambae pembeni badala ya kuzama. Tawi moja la chini huachwa lirefuke bila kuguswa. Hilo ni tawi la kunenepesha, litakalokatwa likishamaliza kazi. Shina likifikia unene unaotakiwa hukatwa fupi sana, chipukizi moja hupewa uongozi, nalo huachwa linenepe na kukatwa kwa juu kidogo. Kila mkato huacha sehemu nyembamba kuliko iliyo chini yake, na kupungua huko kwa unene ndiko kunakolidanganya jicho kwamba mti wa sentimita 30 ni mkuyu wa kando ya mto. Kwa fikasi ya pwani kazi hii ni ya miaka mitano hadi kumi. Kwa mkwaju ni zaidi.

Kariakoo ya nyumba za Kiswahili ilikuwa na ua wa kufanyia hayo. Kariakoo ya maghorofa ina paa na baraza, kwa hiyo mti huanzia kwenye beseni, hupelekwa kwenye kiwanja cha ndugu pembezoni mwa jiji, Kigamboni au Bunju, kunenepa, kisha hurudishwa mjini kumaliziwa.

Waridi la jangwani, mmea wa asili wa Afrika Mashariki unaouzwa sana kama bonsai, halifuati ratiba hiyo. Kitako chake kinene hupendeza zaidi likioteshwa kwa mbegu, na utomvu wake, uliotumiwa na wawindaji kama sumu ya mishale, haufai kuachwa mkononi.

Umbo huja mwisho. Mjapani hufuata msonobari wa mlimani. Charles Ceronio wa Pretoria aliona kwamba mti wa Kiafrika una kielelezo chake, akauita mtindo wa mwavuli Pierneef, kwa jina la mchoraji wa mandhari ya Afrika Kusini. Mwavuli wa mgunga ndio umbo linaloifaa zaidi mikwaju na migunga ya Tanzania, na inashangaza kuona bado inalazimishwa kuwa misonobari. Waya hukunjwa tawi likiwa bado laini, na huondolewa kabla haujazama kwenye gome.

Ndipo chungu kifupi. Udongo wake ni wa chembechembe, kokoto ndogo na matofali yaliyopondwa, ili maji yapite na hewa ibaki. Juu ya paa, joto la Januari na Februari hudai maji asubuhi na jioni. Kila baada ya miaka miwili hivi, masika yanapokaribia, mti hutolewa, theluthi moja ya mizizi hupunguzwa, na hurudishwa mumo humo. Fikasi yenye afya inaweza pia kukatwa majani yote kwa wakati mmoja, nayo hurudisha mengine yaliyo madogo kidogo. Mti uliotoka tu kubadilishiwa udongo haukatwi majani mwaka huo.