KIPIMO CHA DAWA YA KUFUNGUA CHOO

Watu wa pwani wameijua sanamaki tangu zamani. Majani yake makavu huchemshwa jioni, na mwenye kuyanywa huenda chooni asubuhi. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake sana ya Makka. Hospitalini dawa hiyo hiyo hutolewa kwa vidonge. Tofauti ni moja tu: kidonge kimepimwa, na konzi ya majani haikupimwa, konzi ya leo yaweza kuwa na nguvu kupita ile ya jana.

Kidonge cha sanamaki aghalabu huwa na miligramu 7.5, na mtu mzima huanzia kimoja au viwili wakati wa kulala. Kazi yake huonekana baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Basi mgema wa Msambweni amezaye dawa saa mbili za usiku aitazamie kwenye saa mbili za asubuhi. Wengi hawangoji. Ifikapo usiku wa manane hudhani dawa imeshindwa, wakaongeza viwili vingine, na kesho yake huharisha mchana kutwa, maji na chumvi za mwili zikawatoka, hata nguvu za kukwea mnazi hawana.

Bisakodili nayo humezwa usiku, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5. Isitafunwe, wala isimezwe pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia, maana ganda lake limefanywa liyeyuke katika utumbo. Likiyeyuka tumboni huleta msokoto.

Laktulosi ni dawa ya maji, na mwendo wake ni wa polepole. Huvuta maji utumboni ili choo kilainike. Mtu mzima huanza kwa mililita 15 asubuhi na 15 jioni, akitumia kipimo kilichokuja na chupa, kwani vijiko vya nyumbani havilingani. Yaweza kuchukua siku mbili kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo anayeitupa siku ya kwanza amepoteza fedha zake bure. Choo kikisha kulainika, kipimo hupunguzwa.

Hata hivyo, si kila anayedhani amefunga choo anahitaji dawa. Choo si lazima kiwe cha kila siku. Ugonjwa wenyewe ni kwenda chini ya mara tatu kwa juma, au kwa kujikamua na choo kigumu. Mara nyingine asili yake ni dawa nyingine: vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa waja wazito, au vya maumivu vyenye kodeini. Mama asiviache vidonge vya damu kwa sababu hiyo, bali amwambie muuguzi. Maji ya kutosha, kunde, mchicha na mapapai husaidia sana.

Kipimo cha mtoto hutolewa na mganga kwa umri wake. Asikatiwe kidonge cha baba yake. Na mtu ambaye tumbo limemvimba kwa maumivu, anatapika, wala hewa haimtoki kwa chini, asipewe dawa yoyote ya kuharisha. Apelekwe upesi hospitali ya Msambweni au ya Kwale, kwani huenda utumbo umeziba, na dawa ya kuusukuma yaweza kuupasua.