Bustani ya Chupa: Mafunzo kwa Vitendo Kati ya Milima ya Umatengo na Ziwa Nyasa

Asubuhi ya mwezi Juni katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, huanza kwa baridi na ukungu uliolala mabondeni. Chupa ya kioo iliyofunikwa vema, yenye udongo na mmea ndani yake, ikilala dirishani usiku wa namna hiyo, alfajiri huonekana kana kwamba imepakwa maziwa kwa ndani. Jua likipanda, weupe ule hukusanyika kuwa matone, matone huteleza hadi udongoni, na kioo hutakata tena. Mwanafunzi aliyeitengeneza chupa hiyo kwa mikono yake hahitaji kuambiwa kwamba mvua hutokana na mvuke uliopoa. Ameiona ikinyesha.

Mzunguko wa maji, usanisinuru, upumuaji na uozaji ni mada ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzikariri, akapata alama nzuri, wala asiziamini hata kidogo. Mchoro ubaoni wenye mishale minne hauna harufu wala haumsumbui mtu. Chupa humsumbua. Ikioza, hunuka, ikikauka, mmea hufa mbele ya macho ya aliyeupanda. Kwa sababu hiyo mwalimu anayeandaa siku moja ya kutengeneza bustani za chupa pamoja na wanafunzi wake hupata jambo ambalo vipindi kumi vya ubaoni havimpi: darasa zima linalouliza maswali bila kulazimishwa.

Ugunduzi wenyewe ulitokea kwa bahati, na katika mji mchafu. Mnamo mwaka 1829 Dakta Nathaniel Bagshaw Ward, tabibu wa mashariki ya London, alimfukia buu wa nondo aliyekwisha kujifunga katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, akasubiri nondo atoke. Siku zile moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umeujaa mji, na makangaga aliyojaribu kuyapanda uani kwake yalikuwa yamekufa kwa masizi. Ndani ya chupa, hata hivyo, aliona unyevu ukipanda wakati wa joto la mchana, ukishika kioo na kurudi chini. Kisha kangaga dogo na jani moja la nyasi vikachipua vyenyewe. Viliishi karibu miaka minne bila kunyweshwa maji, hata kifuniko kilipoingia kutu na mvua ikapenya. Mwaka 1833 Ward alipeleka Sydney kwa merikebu masanduku mawili ya kioo yenye mimea, na mimea ikafika hai. Masanduku yakarudi yakiwa na mimea ya Australia, nayo ikafika hai.

Msomaji wa Afrika ana sababu ya kulitazama sanduku hilo kwa macho mawili. Kabla yake, mimea mingi iliyosafirishwa baharini iliuawa na chumvi, upepo na uhaba wa maji. Baada yake, chai ya China ilihamishiwa India, na miche ya mpira iliyooteshwa London kwa mbegu za Brazil ikapelekwa Ceylon mwaka 1876. Uchumi wa mashamba makubwa ya kikoloni ulisafiri, kwa sehemu kubwa, ndani ya bustani za kioo, na pamoja na mimea walisafiri wadudu na maradhi yaliyojificha udongoni. Tanganyika nayo ilitoa mmea wake. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul, mtumishi wa serikali ya Kijerumani, aliokota katika milima ya Usambara ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, akalipeleka kwao. Liliitwa Saintpaulia. Leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, ilhali huko lilikotoka misitu yake inapungua na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka.

Basi somo la kwanza, kabla ya kushika chupa, ni mahali pa kupata mimea. Kuingia msituni na kung'oa si sayansi. Kingo za mifereji ya shule, kuta za visima vya zamani na mawe ya upande usiopigwa na jua hutoa kila kinachohitajika: vikangaga vichanga, mimea ile laini ya kijani inayotanda kama zulia juu ya jiwe bichi, na majani madogo yapendayo kivuli. Wanafunzi hushangaa kuona ni vitu vingapi walivyokuwa wakivikanyaga kila siku wakielekea bwaloni.

Vifaa vingine havina gharama. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko chake ndiyo bora, ingawa chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga hufaa pia. Chini hutangulia changarawe, ili maji ya ziada yapate mahali pa kukaa yasiozeshe mizizi. Wanafunzi wa mwambao wa Nyasa huziokota ufukweni, zimekwisha kuoshwa na mawimbi. Juu yake huwekwa mkaa uliopondwa, ambao hunyonya harufu, kisha udongo. Mimea hupandwa kwa kijiti na kijiko kilichofungwa kwenye ufito. Maji ni machache mno, kiasi cha kulowesha udongo tu. Hapa ndipo mikono ya watu wazima inapoaibika. Mwalimu aliyezoea kuamuru hujikuta akitetemesha ufito juu ya kikangaga cha urefu wa kidole, na kijana aliyekuwa wa mwisho katika mtihani akikipandikiza kwa pigo moja. Kicheko kinachofuata si cha utovu wa adabu, nacho kina thamani yake: tangu dakika hiyo wanafunzi humwuliza mwalimu mambo ambayo wasingethubutu kumwuliza akiwa ubaoni.

Mizani ya dukani huongeza utamu. Chupa iliyokwisha kuzibwa hupimwa, uzito ukaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni. Kisha wanafunzi huulizwa: baada ya miezi miwili, mmea ukiwa umekua na kujaza chupa, uzito utakuwaje? Wengi husema kwa hakika kwamba utaongezeka. Siku ya kupima tena, chupa iliyozibwa sawasawa hurudi kwenye alama ileile. Mabishano huanza hapo, na mwalimu mwenye busara hukaa kimya kwa muda. Majani mapya yametoka wapi? Yametoka katika maji yaliyokuwamo na katika kaboni dayoksaidi iliyokuwamo, na sehemu ya hewa hiyo imetolewa na bakteria na kuvu waliokuwa wakiozesha mabaki udongoni. Hakuna kilichoingia isipokuwa mwanga, na mwanga hauonekani katika mizani ya duka.

Katika kila kundi, lakini, zipo chupa zinazokufa. Mara nyingi ni zile zilizopendwa kupita kiasi. Mwanafunzi ajuaye kwamba mbolea hustawisha mahindi hujaza samadi, akitumaini kuwashinda wenzake. Baada ya wiki mbili majani huwa ya manjano, utando wa kijivu hutanda, na kifuniko kikifunguliwa darasa hukimbilia madirishani. Mwenye chupa huona haya. Haifai chupa hiyo kutupwa upesi, kwani makosa yaleyale yamewahi kufanywa na wataalamu wenye fedha nyingi.

Mwezi Septemba mwaka 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya jengo kubwa la kioo katika jangwa la Arizona, Marekani, lililoitwa Biosphere 2. Lilikuwa na mashamba, msitu na hata bahari ndogo, na walikusudia kuishi humo miaka miwili bila kuingiziwa hewa. Hewa yao ilianza na oksijeni ya asilimia 21 hivi, kama ya nje. Kufikia Januari 1993 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14.5 hivi, wakazi wakahema kama watu walio juu ya mlima mrefu, ikabidi oksijeni iongezwe kutoka nje. Sababu kubwa ilikuwa udongo. Ulikuwa umewekewa mboji nyingi mno ili mazao yastawi, na bakteria wake walivuta oksijeni upesi kuliko mimea ilivyoweza kuirudisha. Nayo kaboni dayoksaidi waliyoitoa, ambayo mimea ingeitumia, ilimezwa kwa sehemu na saruji ya kuta. Kijana wa Mbinga mwenye chupa yenye kunuka amerudia jaribio hilo kwa gharama ya samadi kiganja kimoja.

Bustani ya kioo si lazima izibwe. Mahali penye miteremko mikali kama Umatengo, iliyo wazi hufundisha jambo jingine. Visanduku viwili vya mbao, vilivyotandikwa nailoni na kujazwa udongo, huinamishwa sawasawa. Katika kimoja matuta huchorwa moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Katika kingine hutengenezwa ngolo, yaani vishimo vilivyopangwa kama masega ya nyuki, vikizungukwa na vijituta vyenye nyasi ndani yake. Kopo lililotobolewa matundu hunyesha lita moja ya maji juu ya kila kisanduku, na yanayotoka chini hukingwa kwa glasi. Glasi ya kwanza hujaa upesi maji mekundu mazito. Ya pili hupata maji machache, yaliyochelewa, na yenye wekundu hafifu.

Katika zoezi hili mwalimu aliyetoka mkoa mwingine huwa mwanafunzi. Wamatengo wamelima kwa ngolo kwa zaidi ya karne moja, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliutafiti utaratibu huo kwa makini katika miaka ya 1990. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, wakapanda maharage. Mahindi hufuata katika msimu wa mvua ujao. Shimo huyazuia maji na kuukamata udongo uliokwisha kuanza safari ya kwenda mtoni, na magugu yaliyotupwa humo huoza yakawa mbolea. Msichana aliyemsaidia mama yake kazi hiyo tangu utotoni hulisahihisha darasa zima kuhusu namna ya kulaza nyasi, na kwa mara ya kwanza hukuta jembe la nyumbani kwao limeingia katika daftari la biolojia.

Udongo usiokamatwa huteremka hadi ziwani. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni mwendo usiofika kilomita 70, lakini njia hushuka kutoka milima inayofikia karibu mita 2,000 hadi ziwa lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lenyewe hufanana na chupa kuliko inavyodhaniwa. Kina chake hufika karibu mita 700, na chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, maana hayachanganyiki vya kutosha na ya juu. Samaki wote huishi katika tabaka la juu. Maji yanayoondoka kwa mvuke ni mengi kuliko yanayotoka kwa Mto Shire.

Shule mbili, moja ya mlimani na moja ya mwambao, zikibadilishana chupa, mambo huzidi kunoga. Chupa iliyostawi Mbinga, ikiwekwa kwenye dirisha la jua huko Mbamba Bay, yaweza kuiva kama mboga kwa siku moja, kwa sababu kioo hupitisha mwanga na kulizuia joto lisitoke. Hupona ikisogezwa kivulini mapema. Ile ya mwambao, ikipandishwa mlimani mwezi Julai, hulowa kioo chote hata mchana, na wenyeji wake wapya hulazimika kuifungua saa moja kila siku hadi itulie. Hapo barua huanza kuandikwa baina ya madarasa hayo mawili, kuulizana hali ya wagonjwa.