Coccinelle na Combi: buate za vitesi zafanana, lakini kuna mitego

Mwenye Volkswagen Coccinelle akikosa buate ya vitesi, mara nyingi anatafuta ile ya gari lingine la familia hiyo ambalo limekwisha kufa. Mafundi wengi wamefanya hivyo na gari likatembea. Lakini kuna kosa moja linalojulikana sana: gari linafungwa vizuri, dereva anatia vitesi ya kwanza, na gari linarudi nyuma.

Hayo yanatokea kama buate imetoka katika Combi iliyotengenezwa kabla ya Agosti 1967. Combi hizo zilikuwa na gia ndogo kwenye kila gurudumu la nyuma, za kuinua gari na kuliongezea nguvu. Gia hizo hugeuza mzunguko. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka korona upande wa pili wa pinyo. Ukipeleka buate hiyo kwenye Coccinelle, isiyo na gia hizo za magurudumu, unapata vitesi nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele.

Dawa ipo: kufungua buate, kugeuza korona, kisha kupima upya nafasi kati yake na pinyo. Korona na pinyo hazitenganishwi. Pinyo ya meno 8 yenye korona ya meno 35 haiwezi kukaa na korona ya meno 33 au 31.

Mwaka wa gari nao una maana. Kuanzia Agosti 1960, Coccinelle ya Export ilipata buate mpya ambayo vitesi zote nne za mbele zinaingia bila kelele. Kasha lake ni la kipande kimoja. La zamani lilikuwa vipande viwili. Piesi za ndani za buate hizo mbili hazibadilishani.

Mtego mwingine ni umeme. Volani ya motere ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa zaidi. Ndani ya kasha la zamani inaweza kukwaruza, hivyo fundi anapunguza chuma kidogo. Busi ya demareri pia inabadilishwa, kwani shafti ya volti 12 ni nyembamba.

Mwisho, ekseli za nyuma ziwe za aina moja. Hapo mwaka peke yake hautoshi: Coccinelle za Mexico, ambako ya mwisho ilitoka tarehe 30 Julai 2003, zilibaki na ekseli za mtindo wa zamani.

Kutoa buate ya Coccinelle ni lazima kushusha motere kwanza. Kosa moja, kazi yote inarudiwa na mwenye gari analipa mara mbili. Kabla ya kutoa pesa, heri kumuuliza muuzaji: ilitoka gari gani, la mwaka gani, na ekseli zake ziko wapi?