Kukunja Karatasi: Kazi ya Mikono na Burudani



Umekwisha kujua kusoma na kuandika. Labda sasa unasoma barua zako mwenyewe bila kumwita mtoto wa jirani. Labda unasoma bei dukani na tarehe kwenye chupa ya dawa. Hayo ni mambo makubwa. Leo tutatumia ujuzi wako kwa jambo jingine. Tutajifunza kazi ya mikono kwa maandishi peke yake. Hapatakuwa na fundi wa kukushika mkono. Fundi wako ni kitabu hiki.

Kazi yenyewe ni kukunja karatasi. Kazi hii haitaki mkasi, gundi wala sindano. Inataka karatasi, mahali palipo sawa pa kuiweka, na subira.

Huenda mtu akasema, "Huo ni mchezo wa watoto." Ni kweli kwamba watoto wanaupenda. Lakini wako watu wazima waliotumia maisha yao yote kujifunza kazi hii, na mpaka leo wataalamu wanaitumia katika mambo makubwa. Tutayaona.

MIKONO YETU INAJUA KUKUNJA

Pita stendi ya mabasi ya Korogwe, au njia panda ya Segera kule Handeni. Mtazame muuza karanga. Huchukua kipande cha karatasi, hukizungusha kiwe kama pembe ya ng'ombe, kisha hukunja ncha ya chini. Humimina karanga ndani, na hata moja haimwagiki. Hakutumia gundi. Mkunjo wenyewe ndio unaoshika.

Sasa mtazame mama anayesuka ukili. Kwanza ukindu hukatwa, hukaushwa na kuchanwa. Wengine huutia rangi. Kisha husukwa kuwa ukili mrefu, na ukili hushonwa kuwa mkeka au kikapu. Tazama vizuri ukingo wa ukili. Kila ukindu unapofika ukingoni hukunjwa na kurudishwa ndani. Bila mkunjo huo ukili ungefumuka.

Basi, ndugu msomaji, kukunja si jambo geni kwetu. Mkono uliozoea ukindu utaiweza karatasi. Mkono uliozoea jembe nao utaiweza, ila usiwe na haraka.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Karatasi ilianza kutengenezwa katika nchi ya China, karibu miaka 2,000 iliyopita. Kutoka China ujuzi huo ulifika Japani. Wajapani waliipenda sana kazi ya kukunja karatasi, wakaiita origami. Katika lugha yao, ori maana yake ni kukunja, na kami ni karatasi.

Mjapani mmoja aliyesifika sana kwa kazi hii ni Akira Yoshizawa. Alizaliwa mwaka 1911 katika familia ya wakulima. Alipokuwa kijana alifanya kazi kiwandani. Baadaye aliacha kiwanda ili apate nafasi ya kukunja karatasi. Kwa miaka mingi aliishi katika umaskini, akiuza vyakula nyumba kwa nyumba. Lakini hakuacha kukunja. Alibuni ndege, wanyama, wadudu na sura za watu. Alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 94.

Yoshizawa alifanya jambo moja lililowasaidia watu wengi. Zamani kazi hii ilifundishwa zaidi kwa kuonyeshana. Mama alimwonyesha mwanawe, na mwanawe alimwonyesha wake. Yoshizawa alitunga alama za kuandika mikunjo. Mistari ya vidoto na mishale huonyesha mahali pa kukunja na upande wa kupeleka karatasi. Kitabu chake cha mwaka 1954 kilizitangaza alama hizo. Siku hizi zinatumika duniani kote. Mtu wa Brazili na mtu wa Korogwe wanaweza kukunja ndege yule yule, ingawa hawajaonana na lugha zao ni mbali. Hiyo ndiyo faida ya kuandika ujuzi. Ujuzi ulioandikwa husafiri, na haufi pamoja na mwenyewe.

TAYARISHA KARATASI YA MRABA

Mraba ni umbo lenye pande nne zilizo sawa. Karatasi ya daftari si mraba, kwa sababu ni ndefu upande mmoja. Tutaifanya iwe mraba.

1. Weka karatasi mbele yako, imesimama kwa urefu.

2. Shika pembe ya juu ya kulia. Ilete chini kushoto, mpaka upande wa juu wa karatasi ulale sawasawa juu ya upande wa kushoto. Bonyeza mkunjo kwa ukucha.

3. Chini kimebaki kipande kisichofunikwa. Kikunje kufuata ukingo, mbele na nyuma, mara mbili au tatu. Kisha kichane polepole.

4. Kunjua karatasi. Umepata mraba.

Usikitupe kile kipande kilichobaki. Kinafaa kuandikia hesabu za nyumbani.

KUNJA KIKOMBE

Soma kila hatua mara mbili. Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili soma huku unakunja. Usiende hatua ya pili kabla hujaimaliza ya kwanza.

1. Weka mraba ili pembe moja ikuelekee wewe na pembe nyingine iwe mbali nawe.

2. Shika pembe iliyo karibu nawe. Ipeleke juu ya pembe iliyo mbali. Zikutane sawasawa. Bonyeza mkunjo. Umepata pembetatu. Ukingo mrefu uko karibu nawe, na ncha iko mbali.

3. Shika pembe ya kushoto. Ipeleke kwenye ubavu wa kulia, juu kidogo ya katikati ya ubavu huo. Kabla ya kubonyeza, tazama. Ukingo wa juu wa kipande ulichokileta uwe sambamba na ule ukingo mrefu ulio karibu nawe. Yaani, nafasi iliyo kati yake iwe ile ile kushoto na kulia. Ikiwa ni sawa, bonyeza.

4. Shika pembe ya kulia. Ipeleke upande wa kushoto, ilale juu ya kipande cha kwanza. Ncha yake iguse kona ya juu ya kushoto ya kipande hicho. Bonyeza.

5. Juu zimebaki ncha mbili, moja mbele na moja nyuma. Kunja ncha ya mbele ije kwako, uichomeke katika mfuko wa kipande kilicho mbele.

6. Geuza kazi yako. Kunja ncha iliyobaki vivyo hivyo upande huo.

7. Bana kidogo ubavu wa kushoto na wa kulia. Mdomo wa kikombe utafunguka.

Sasa tia maji kidogo. Kikombe kitashika maji kwa muda wa kutosha kunywa. Kisha karatasi italowa, na kazi yake itakuwa imekwisha. Kwa kikombe cha kunywea tumia karatasi safi isiyoandikwa. Karatasi ya gazeti ina wino, na wino haufai kugusa chakula wala maji ya kunywa.

Je, kikombe chako kimekaa vizuri? Kama kimekaa, fikiri jambo ulilolifanya. Hukuonyeshwa na mtu. Ulisoma maneno, mikono ikatii, na maji yakakaa ndani. Kama hakikukaa, usikunjue kwa hasira. Rudi hatua ya 3 na uisome tena. Wengi hukosea hapo. Kitabu hakichoki kurudia wala hakimcheki mwanafunzi.

KIKOMBE KIWE PAKITI YA MBEGU

Mkunjo huo huo una matumizi mengine. Kunja kikombe mpaka hatua ya 4, kisha simama. Fungua mdomo kati ya zile ncha mbili, utie mbegu. Yaweza kuwa kunde, mbaazi, choroko au mahindi ya mbegu kidogo. Halafu zikunje ncha zote mbili pamoja kuja mbele, uzichomeke katika mfuko wa mbele. Pakiti imefungwa. Kwa mbegu, gazeti la zamani linafaa.

Sasa chukua kalamu. Andika juu yake jina la mbegu, mahali ulipoipata, na tarehe. Mvua zitakapokaribia hutahitaji kukisia kwamba hizi ni za mwaka huu au za mwaka juzi. Weka pakiti mahali pakavu, mbali na panya.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba tarehe 1 Juni, 2019, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mifuko hiyo ilikuwa ikiziba mifereji na kudhuru mifugo iliyoimeza. Karatasi na ukindu haviachi taabu hiyo. Vikichakaa, huoza na kurudi udongoni.

KARATASI INAFUNDISHA HESABU

Chukua karatasi nyingine. Ikunje katikati mara moja. Hesabu tabaka zake. Ni 2. Ikunje tena katikati. Ni 4. Endelea:

Mikunjo 3, tabaka 8.
Mikunjo 4, tabaka 16.
Mikunjo 5, tabaka 32.
Mikunjo 6, tabaka 64.
Mikunjo 7, tabaka 128.

Karatasi ya kawaida itakushinda kabla ya mkunjo wa 7 au papo hapo. Huo si udhaifu wa mikono yako. Kila mkunjo huzidisha unene mara mbili, na tabaka 128 ni sawa na kitabu kinene. Mwaka 2002 mwanafunzi mmoja wa Marekani alikunja karatasi katikati mara 12. Lakini alihitaji karatasi ya msalani yenye urefu wa mita 1,200 hivi. Tabaka zilikuwa 4,096.

Mtoto anayesumbuliwa na hesabu ya kuzidisha, au ya nusu na robo, mpe karatasi. Mwambie, "Mwanangu, kunja nusu. Sasa kunja nusu ya nusu. Ukikunjua utaona vipande vingapi?" Atajibu kwa macho na vidole, na hatasahau.

MKUNJO ULIOKWENDA ANGANI

Tulisema wataalamu wanaitumia kazi hii. Mfano mmoja ni huu. Chombo kinachopelekwa angani huhitaji mabamba mapana ya kupokea nguvu za jua. Lakini nafasi ndani ya roketi ni ndogo. Utaingizaje kitu kipana mahali pembamba? Utakikunja.

Mtaalamu wa Japani aitwaye Koryo Miura alibuni mkunjo wa pekee. Karatasi iliyokunjwa kwa namna hiyo hufunguka yote kwa mara moja, ukivuta pembe mbili tu. Mwaka 1995 Japani ilirusha chombo angani chenye mabamba yaliyokunjwa kwa mkunjo huo.

SASA BUNI MWENYEWE

Kufuata hatua ni mwanzo. Raha kubwa huja mtu anapobuni. Hebu tuanze na jambo dogo.

Kunja mraba uwe pembetatu. Igeuze ili ncha ikuelekee wewe na ukingo mrefu uwe mbali nawe. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia zishuke chini. Hayo ni masikio. Kunja ncha ya chini kidogo kwenda juu. Hiyo ni pua. Chora macho mawili. Umepata kichwa cha mbwa.

Sasa badilisha. Je, masikio yakisimama badala ya kushuka, utapata mnyama gani? Yakiwa marefu? Yakiwa mafupi? Hapa hakuna jibu moja lililo sahihi. Aliyekunja ndiye ajuaye amekunja nini, na watoto watamwambia upesi kama kinafanana.

Wakati mzuri wa kazi hii ni jioni, shughuli zikiisha, au siku ya mvua isiyoruhusu kwenda shamba. Kaeni pamoja, wakubwa na wadogo. Bibi aoneshe mkunjo wa ukili. Mjukuu aoneshe ndege ya karatasi aliyojifunza shuleni. Mwenye kusoma asome hatua kwa sauti, na wengine wakunje. Mtu akikosea, mcheke pamoja, kisha mkunjue na kuanza upya.

Usiulize kila mara, "Kitu hiki kitaniletea shilingi ngapi?" Jembe lina kazi yake na ngoma ina kazi yake. Mikono iliyochoka kwa kulima inapata pumziko katika kazi nyepesi na nzuri. Mtu mzima naye ana haki ya kufurahi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mraba: umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe zilizonyooka.
Pembetatu: umbo lenye pembe tatu.
Ukingo: mwisho wa kitu upande mmoja.
Sambamba: mistari miwili inayokwenda pamoja bila kukutana.
Kuchomeka: kuingiza kitu ili kishike.

MASWALI

1. Kwa nini karanga hazimwagiki katika karatasi iliyokunjwa?
2. Yoshizawa alifanya nini ili ujuzi wake uwafikie watu wa mbali?
3. Kwa nini tusitumie gazeti kwa kikombe cha kunywea maji?
4. Karatasi iliyokunjwa katikati mara 5 ina tabaka ngapi?
5. Kunja pakiti moja. Andika juu yake jina la mbegu na tarehe ya leo. Ilete darasani.
6. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, ni ujuzi gani wa mikono ambao haujaandikwa bado? Nani anaujua? Chagueni mmoja, mwandike hatua zake kwa maneno yenu. Kisha mpeni mtu asiyeujua azisome, mwone kama ataweza.